Taa ya Skuta ya Hansa

Khimanand alikuwa amechuchumaa uani akiisugua taa ya skuta kwa dawa ya meno, na barazani kaka yake mkubwa alikuwa akiipanga harusi ya binti wa Khimanand.

"Bendi itatoka mjini," alisema Tikaram. "Mkandarasi si mtu wa kuozeshwa kimyakimya. Au unasemaje, Khima?"

"Usemavyo wewe, kaka," Khimanand alijibu bila kuinua kichwa. Akaminya dawa nyingine kwenye kitambaa.

Bishni, mkewe, aliyasikia hayo akiwa jikoni anakanda unga. Mkandarasi huyo wa Bageshwar alikuwa mgane mwenye binti wa rika la Hansa, binti yao. Hansa alishamkataa, kwanza kwa maneno, kisha kwa kilio, kisha kwa kutokula. Sasa alikuwa amenyamaza kabisa. Lakini nyumba waliyoishi ilikuwa ya Tikaram, shamba ni la Tikaram, na katika ukoo ule hakuna aliyewahi kulipindua neno la mkubwa. Bishni angesema nini? Alikuwa mke wa kuja tu. Sauti yake haikuvuka kizingiti cha jiko.

Kilichokuwa ndani ya uwezo wao ni hiyo taa. Hansa aliuza dawa katika duka moja sokoni, ng'ambo ya bonde, na majira ya baridi giza lilimkuta njiani. Taa yenyewe ilikuwa hafifu kama kimulimuli mgonjwa. Juzi nusura amgonge ng'ombe aliyelala katikati ya barabara, na chui naye alikuwa ameonekana kwenye kona za chini. Bishni ndiye aliyesema, "Baba Hansa, angalau hiyo taa itengeneze. Mtoto atatufia korongoni."

Alisema mara moja tu. Hakujua kwamba mumewe angeizamia kazi ile asitoke tena.

Kioo kilipong'aa, Khimanand aliifungua taa, akakuta bakuli la ndani la kuakisi mwanga limeshika kutu, akatafuta jingine. Akatia balbu nyeupe yenye nguvu. Hakuridhika. Akasema waya za kiwandani ni nyembamba, zinakula umeme kabla haujafika. Akavuta nyingine nene moja kwa moja kutoka kwenye betri. Jioni akaisimamisha skuta mbele ya ukuta wa zizi, akachora mstari wa chaki, akawa anaupandisha na kuushusha mwanga kwa bisibisi.

Kisha akabeba gunia la mchele, akalifunga kwenye kiti cha nyuma.

"Gunia la nini tena?" Bishni aliuliza. "Mtoto hubeba kipochi tu."

"Nyuma kukiwa na uzito, mwanga unapaa, unamulika miti badala ya barabara. Lazima niupime hivi."

"Pima! Pima tu! Wenzio wanampima mwanao nguo za harusi, wewe unapima taa." "Nenda kwa kaka yako useme neno moja. Moja tu, Baba Hansa! Mwanamume gani wewe?"

Khimanand aligeuza skrubu kidogo, akarudi nyuma kutazama ukuta.

"Hansa," aliita, "njoo uone fyuzi inavyobadilishwa. Ikiungua njiani, usimngoje mtu."

Hansa akachuchumaa kando ya babake, vichwa vyao vikakaribiana juu ya zile waya. Bishni akarudi jikoni kulia. Mume aliyepewa ndiye huyo, hakuwa na mwingine.

Mkesha wa siku ya bibi harusi kupakwa manjano, Hansa alitaka kwenda kuwaaga wenzake dukani. Tikaram alikunja uso. Bwana harusi angesikia, watu wangesema. Khimanand ndiye aliyemwombea ruhusa, kichwa chini, mikono kifuani, mpaka mkubwa akachoka.

"Haya, aende. Ila giza lisimlaze huko."

"Taa anayo, kaka," alisema Khimanand.

Jua lilipotua, Bishni alisimama uani akijifunika shali. Kutoka pale barabara yote ya ng'ambo ilionekana, ikijikunjakunja ubavuni mwa mlima. Siku zote alikuwa akikodoa macho asione kitu mpaka mtoto abishe hodi. Leo aliiona kwa mbali, nyeupe, ikizikata kona moja baada ya nyingine, ikiifagia lami mbele yake. Moyo wake ukatulia kidogo. Walau hili mumewe alilimudu.

Taa ikafika njia panda, penye hekalu la kengele. Kushoto ni kupanda kijijini. Kulia ni kuteremka Haldwani, kwenye stesheni ya treni.

Ikapinda kulia.

"Amekosea njia!" Bishni alipiga kelele. "Baba Hansa! Mtoto amepotea! Mpigie simu, chukua tochi, kimbia!"

Taa ilizama nyuma ya kilima, ikaibuka chini zaidi, ikazidi kwenda. Bishni alikimbia hadi ukingo wa shamba, akarudi, akakimbia tena. Bonde zima lilikuwa kati yake na mwanawe. Mwishowe akaketi chini kwenye umande.

Khimanand alikuwa kizingitini na glasi ya chai iliyopoa, macho hayabanduki kwenye ile nuru. Alingoja mpaka ilipovuka daraja.

"Punguza sauti, kaka atakusikia," alisema. "Taa ile sikuitengeneza ya kumrudisha nyumbani."