Mghoi Arudi Kwao

Siku hizi sheria ni moja: mtu aliye kwenye picha ya kale akitambuliwa na ukoo wake, hifadhi ya mtandaoni humkata pichani na kumrudisha kwao. Pale aliposimama hubaki weupe mtupu.

Mimi na mama tulikuwa tumepekua picha za Taita za enzi ya ukoloni mpaka macho yakatuuma, tukisoma maelezo yale yale ya kuudhi: "Wanawake wa kienyeji, hawajulikani." Hawajulikani na nani?

Ghafla mama akapiga kelele. "Mkawasi, rudisha hiyo!"

Wanawake watano walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba ya nyasi, wamenuna kama walivyoamriwa. Wa mwisho peke yake alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yamepanda kwa kicheko.

"Ndiye! Bibi Mghoi, aliyemcheka mzungu aliyejifunika kitambaa cheusi ili apige picha. Kisa hicho nimelishwa pamoja na uji!"

Ukoo mzima ukathibitisha. Jumamosi Mghoi akatokea kwenye ukuta wa sebule yetu, kimo chake kamili, na vigelegele vikasikika mpaka barabarani. Mama akamwekea kiti. "Karibu kwako, bibi. Cheka sasa, hakuna wa kukukataza."

Nilipomsogelea ndipo nilipouona mkono wake wa pili. Ulikuwa umefumbata, lakini haukushika kitu.

"Mama, alikuwa ameshikana mkono na nani?"

Nikaifungua tena ile picha. Kando ya ule weupe, mwanamke wa nne alikuwa bado amenyoosha mkono.