Malungu

Bastiao, mpishi wa meli ya Waholanzi, alikuwa akiloweka mbaazi za mchana pale mlinzi wa mlingotini alipopiga yowe: "Tanga! Tanga la Mreno!"

Mbaazi zikamwagika. Mizinga ikanguruma, na jua lilipofika utosini Waholanzi walikuwa wamekwisha kuiteka ile meli, wanarukaruka sitahani kwa shangwe, pipa la mvinyo limekwisha tobolewa.

"Mpishi!" nahodha aliita, akamtupia funguo. "Hao watumwa walioko chini ni watu wa kwenu Angola. Waambie wana bahati, watulie. Kisha uwafungue wawili wawili, tuwatazame meno. Wanunuzi hawapendi vibogoyo!"

Mfuniko wa ngama, tumbo la ile meli, ulipoinuliwa, kelele za furaha zilipanda pamoja na uvundo. Watu walikuwa wakigonga minyororo, maana walimwona Mreno amefungwa kamba. Mwanamke mmoja akamshika Bastiao kifundo cha mguu. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kimechubuka, nacho hakikulegea.

"Malungu," alimwita, jina waitanalo Waangola waliovushwa bahari katika chombo kimoja. "Ni kweli tumeokoka?"

"Sema basi, mpishi!" nahodha alicheka. "Umemeza ulimi?"

Miaka yote chini ya bendera ya Waholanzi, Bastiao alitamka alichoambiwa tu. Akatabasamu ili nahodha aridhike, akapiga magoti, akasema kwa Kimbundu, lugha ya kwao asiyoijua nahodha:

"Malungu, hawa nao wanakwenda kuwauza. Kisiwa kiko mkono wa kushoto, si mbali. Funguo ninazo mimi, na tunaruka baharini pamoja."