Nywele za Fagerlin

Lori la machinjio lilikuwa limeshafunguliwa mlango wa nyuma nilipokumbuka mkasi.

"Subiri kidogo, mwanangu," nilimwambia dereva.

Huku kwetu Valdres, ng'ombe akiuzwa hukatwa nywele kidogo mgongoni. Nywele zile huchomekwa kwenye ufa wa boriti bandani, ili baraka isiondoke naye, ibaki na wenzake.

"Bibi, ng'ambo ya ziwa nao walikata," dereva alinitania. "Leo bandani mwao wanaegesha magari ya watalii."

"Wewe shika kamba, acha domo."

Nilikata. Ngozi ya ng'ombe wangu Fagerlin ilitetemeka kama anayefukuza nzi, na huku theluji inaanguka.

Nikaingia bandani. Nywele zilikuwa bado na joto lake kiganjani. Kwenye boriti zilijaa za mama yake, za nyanya yake, za wote niliowakamua tangu niolewe hapa. Nikatafuta penye nafasi, nikapapata.

Hapo ndipo nilipogeuka. Minyororo ya kufungia ng'ombe ilining'inia mitupu, kuanzia mlangoni hadi ukutani.

"Bibi! Umeshamaliza?"

"Nimemaliza," nilijibu, na ngumi yangu yenye zile nywele ikakataa kufunguka.