Kitwitwi Kwenye Sensa ya Kongoti

Zama zile makarani walipokuwa wengi kuliko samaki, Kongoti alikuwa msajili wa ndege katika bwawa la hifadhi. Baridi ya kaskazini ikafukuza ndege kwa maelfu, naye akawatolea amri: kila mgeni asimame ukingoni bila kutikisika mpaka aandikwe. Asiyeandikwa hapewi kipande cha tope cha kutafutia chakula, na asiyekula hatapata nguvu za kurudi kwao.

Bata alisimama kama mtungi. Kitwitwi, ndege mdogo wa matopeni mwenye njaa ya safari, alihangaika huku na huko.

"We mdogo, tulia!" Kongoti akafoka. "Nimekuandika mara tatu!"

"Samahani, mzee. Miguu hii nimezaliwa nayo."

"Basi nakufuta. Toka kwenye foleni!"

Kitwitwi akatoka, na katika kuzunguka kwake akaona gogo majini linasogea.

"Mzee, mamba!"

"Taarifa hupokewa kutoka kwa waliosajiliwa tu."

"Bata, kimbia!"

"Ninyamazie, ndugu yangu, ndiyo kwanza naandikwa."

Kongoti akatia tiki. Maji yakafumuka, ndege wote wakaruka. Bata hakuruka.

Kesho yake orodha ikabandikwa: Bata, yupo; Kitwitwi, hayupo.

"Sasa mzee, huyu anayesema nawe ni nani?"

"Daftari limeshafungwa. Tope unalokanyaga ni la Bata."

"Haya, mzee," akasema Kitwitwi, mdomo umejaa minyoo. "Namshikia nafasi mpaka arudi."