Mtego wa Nyuma ya Mahindi

Mlango wa chuma ulianguka kwa kishindo, na kilichofuata hakikuwa mlio wa nguruwe. Ilikuwa sauti ya mumewe, akitukana.

Mke aliacha sufuria jikoni, akakimbia hadi nyuma ya shamba la mahindi. Akamkuta ndani ya mtego alioujenga kwa mikono yake mwenyewe. Nondo pande zote, wavu juu, na chini punje za mahindi zilizolowekwa mpaka zikachacha, maana nguruwe pori hawaoni wala hawasikii mbele ya harufu hiyo. Bwana mkubwa alikuwa amekaa kitako katikati ya chambo.

"Umeingiaje humo, baba watoto?"

"Nilikuwa naongeza chambo. Nimejikwaa kwenye waya."

Mke aliuma mdomo asicheke. Huyu ndiye fundi anayeitwa na kila mwenye shamba nguruwe wakizidi, mtu asiyekanyaga ndani ya mtego bila kuegemeza gogo chini ya mlango. Leo gogo lilikuwa limelala pembeni, halijaguswa.

"Niite watu?"

"Thubutu! Wanicheke mpaka nizikwe? Kalete ufunguo. Uko kwenye msumari, jikoni."

Kitasa kilikuwa cha kujifunga chenyewe. Alikiweka baada ya wezi kuanza kufungua mtego na kumwibia mawindo. Bila ufunguo hapakuwa na la kufanya.

Mke aligeuka, lakini baada ya hatua mbili akasimama. Alasiri hiyo gari lilikuwa linakuja kumchukua binti yao, akaanze kazi ya kuendesha malori ya mizigo. Baba alikuwa amekataa katakata. Tena aliapa mbele ya ukoo mzima: maadamu ana miguu ya kusimamia, atasimama langoni na binti hatapita. Na hakuwa mtu wa kula matapishi yake. Kila aliposema neno, alikaa nalo, hata likimchoma. Binti alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, na mama alibanwa katikati, akiwapenda wote wawili, hana pa kupumulia.

"Unangoja nini?" mume alifoka. "Gari likija sijatoka humu, mwanao ndiyo kaenda!"

"Nakwenda."

"Na mwambie asithubutu kugusa koti langu la mvua! Liko nyuma ya mlango wa chumbani, ndani ya mfuko wa nailoni!"

Alikwenda, lakini jikoni hakuingia. Gari lilikuwa limeshasimama langoni, dereva anapiga honi, na binti kasimama uani na begi lake, anatazama huku na huku kama mwizi.

Tangu aolewe hakuwahi kumdanganya mumewe hata bei ya chumvi. Akaingia chumbani, akalichukua lile koti, akamvika binti yake mabegani.

"Baba yuko wapi, mama?"

"Ana kazi shambani. Panda, mwanangu. Panda kabla sijaghairi."

Walikumbatiana kwa nguvu. Honi ikapigwa tena, ndefu, ya kusikika hadi kwa majirani. Ajabu ni kwamba huko nyuma ya mahindi hapakutoka hata ukelele mmoja.

Gari lilipoondoka, mama alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaingia jikoni kuchukua ufunguo. Alikuwa tayari kwa lolote: matusi, kununiwa, hata kurudishwa kwao. Msumari ulikuwa mtupu. Akapapasa rafu, akainua masufuria, akatazama chini ya mtungi. Hakuna kitu.

Akarudi shambani mbio, mikono mitupu, maneno ya kuomba radhi yamemjaa mdomoni. Kabla hajatokeza kwenye mahindi, akasimama ghafla.

Mumewe alikuwa ameshika nondo, shingo ameielekeza barabarani, akiusikiliza mlio wa gari mpaka ukapotea kabisa. Akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akainama, akavua buti la kushoto, akakung'uta ufunguo, akapitisha mkono kati ya nondo na kufungua kitasa.