Mpera wa Maktaba

Siku hizi mti huazimwa maktaba kama kitabu, na kila Siku ya Mazingira mmoja hurudishwa ili mgeni rasmi aupande. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Nyamizi. Mpera alioulea miaka minne kwa maji ya kuoshea vyombo, hadi ukampa mama mkwe wake mgonjwa kivuli cha kujilaza mchana, uling'olewa na kupelekwa kwenye uwanja wa maktaba, mizizi ikining'inia.

Kwaya ikaimba. Mkutubi akainama shimoni, akachomoa mlimao mkavu.

"Si ule wa jirani yangu wa mwaka jana?" Nyamizi alifoka. "Kila mwaka shimo lile lile! Mnapanda, mnapiga picha, hata kopo la maji hamumwagii!"

"Mama, mgeni rasmi anasubiri," alisema mkutubi. "Piga makofi."

Hakupiga. Wakampa cheti cha utunzaji bora wa mazingira.

Nyumbani alimkuta mama mkwe kwenye mkeka wake, pale pale alipozoea, jua likimchoma usoni.

"Mwanangu, leo kivuli kimekwenda wapi?"

Nyamizi alikikunja kile cheti, akapiga magoti, akaanza kumpepea nacho.