Mbolea ya Kukuzia Moshi

Mama Kapinga aliingia uwanjani mwa kiwanda cha umeme na jani la maharage lenye madoa ya kutu. Alikuja kugombana. Lakini alipoona wapagazi wakishusha magunia ya urea, mbolea ileile iliyoadimika madukani, maneno aliyoyapanga njiani yakabadilika.

"Mwanangu," alimwambia Haule, fundi wa tanuri, "hii ni mbolea ya kukuzia mahindi. Nyinyi humu mnakuzia nini, moshi?"

Haule hakucheka. Alilichukua lile jani, akaligeuza. "Tunaupunguza makali, mama. Moto wa makaa ya mawe unazaa hewa ya kahawia, ndiyo inayounguza majani na kubana vifua. Urea tunaikoroga na maji, tunaipuliza tanurini, na ile hewa inakwisha nguvu kabla haijatoka nje. Tumeanza leo."

"Na ikiwaishia?"

"Tutarudi kulekule."

Bila haraka, Mama Kapinga akafungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na chembe nyeupe alizozoa chini ya gunia lililotoboka, wakati hakuna aliyemtazama. Zingetosha mistari miwili ya mahindi yake. Akaenda kwenye pipa la kukorogea, akazimwaga zote.

Hakuondoka. Aliketi juu ya gunia tupu, akainua macho kwenye bomba refu la moshi, kama mtu aliyepanda kitu na sasa anaomba kisiote.